Shimo Halifunikwi kwa Nyasi

Siku tuliyomzika mjukuu wangu Odilo, nilicheka mpaka nikakaa chini.

Msikimbilie kunihukumu, vijana. Mimi ni mchimba vyoo. Tangu sijaota ndevu hadi mgongo uliponikatalia, nimechimba mashimo ya vyoo kuanzia huku kwetu milimani Mbinga hadi kule chini Mbamba Bay, kwenye mchanga wa ziwa. Lakini kwa desturi yetu mfiwa hashiki jembe la kaburi. Wanachimba majirani. Kwa hiyo siku ile mimi, mtu niliyechimba udongo wa kila rangi katika mkoa huu, nilikalishwa kwenye kigoda pembeni, mikono mapajani, nitazame vijana wakimchimbia mjukuu wangu kaburi la kupinda.

Na lilipinda kweli! Upande wa kichwani lilikuwa kama limeng'atwa na fisi. Nilijitahidi kunyamaza. Nikashindwa.

"Beleshi halishikwi hivyo! Udongo utupe mbali, ukiuacha mdomoni utakurudia!"

"Mzee, pumzika," wakaniambia.

"Nipumzike nini? Hiyo kona ni kona au kiwiko?"

Ndipo akatokea Kasto. Kasto ni Mngoni, alioa hapa kijijini, na Wangoni na sisi Wamatengo ni watani. Siku hizi mnajua utani wa kwenye simu tu, basi niwaeleze. Mtani akija msibani anaruhusiwa kufanya jambo ambalo mtu mwingine yeyote angelifanya tungemkata mapanga. Kasto alikuwa amepita kwangu akachukua kofia yangu ya kazini, akajifunga mto mgongoni kwa kanga ili aonekane na kibyongo kama mimi. Akarukia kaburini, akawanyang'anya vijana beleshi, akaanza kufoka kwa sauti yangu kabisa:

"Mnachimba kama kuku anayetafuta mchwa! Hii kona ni kona au kiwiko? Mkojo utapita wapi hapa?"

Watu wakaanza kuminya midomo. Akakataa kutoka. Akasema hatoki mpaka apewe jogoo, kwa sababu babu zake Wangoni walipokuja huku Wamatengo walijificha mapangoni, na leo amewakuta tena wanachimba pango, safari hii hadanganyiki. Akapewa jogoo. Bado hakutoka. Akavua kofia yangu, akanitazama kutoka mle chini, akasema:

"Otmari! Sema usiseme, leo umefurahi. Mshindani wako umemweka chini. Mke sasa ni wako peke yako!"

Bibi wa marehemu, mke wangu Kolumba, ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka kama maji ya chungu kilichopasuka. Wakafuata akina mama wote, akafuata katekista, nikafuata mimi. Nikacheka nikakaa chini kwenye udongo, na nilipotaka kuacha sikujua jinsi ya kuacha.

Wengine wanadhani baya kuliko yote lilikuwa kule shimoni, nilipomtoa. Hapana. Shimoni nilikuwa kazini, mikono ilijua cha kufanya. Baya lilikuwa pale makaburini, nikiwa mikono mitupu, nimepigwa na utani wa kweli.

Maana Odilo alikuwa mshindani wangu. Kwetu mjukuu wa kiume humwita bibi yake "mke wangu", na babu akawa ndiye mgeni aliyekaa sana. Huyu mtoto aliichukua ile kazi kwa moyo wote. Tangu alipoanza kutamka, kila asubuhi alisimama mlangoni pa jiko, tumbo mbele, akauliza, "Mke wangu, huyu mzee amelala hapa tena?"

"Amelala, mume wangu," Kolumba anajibu. "Nimfanyeje?"

"Mpe viazi aende."

Nikileta usipa kutoka ziwani, anahesabu samaki wa mke wake kwanza. Nikinunua kanga, ananiuliza nimepewa ruhusa na nani. Siku moja alinipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji kunishtaki kwamba nimekalia kiti chake. Alikuwa darasa la kwanza. Mwenyekiti alimsikiliza, akanihukumu nikae chini. Tulicheka sana siku hiyo, mimi na mwenyekiti. Jina lake Gaudensi. Lishikeni hilo jina.

*

Kazi hii alinifundisha mzee Kandidus, Mungu amrehemu, mtu mfupi aliyeogopwa na mawe. Hakusoma, na mimi niliishia darasa la nne, hivyo hakuna aliyemchelewesha mwenzake kwa maneno marefu. Siku ya kwanza nilimsalimu, "Shikamoo mzee, nimekuja kujifunza kuchimba." Akaitikia marahaba, akaniambia, "Kuchimba hata panya anajua. Nitakufundisha kufunika."

Nikamwona mzee wa ajabu. Nilitaka kuchimba! Nilikuwa na mikono kama mtalimbo na akili kama mpini.

Tulikuwa kazini upande wa Ruanda, hii ya hapa hapa Mbinga, kwa mtu mmoja mwenye nguruwe jike aliyempenda kuliko shemeji zake. Amri ya Kandidus ilikuwa moja: ukiwa shimoni, mdomo wa shimo uwekewe magogo na miba, ubaki upenyo wa kupitisha ndoo tu. Siku hiyo Kandidus alikwenda kuonja ulanzi kwa jirani. Mimi nikaona joto, nikasukuma magogo pembeni nipate hewa. Nikala ndizi zangu, maganda nikayarushia juu, mdomoni pa shimo.

Kilichofuata niliona jua limezimwa. Yule nguruwe alifuata maganda, na baada ya maganda akanifuata mimi. Alinishukia mabegani, mzima mzima, tukabaki wawili mle ndani hatuna pa kugeukia. Akapiga kelele, nikapiga kelele. Kila nikivuta pumzi anavuta na yeye.

Kandidus akaja, akainama, akatutazama kwa utulivu wa mtu aliyekunywa kidogo.

"Nani kati yenu ndiye Otmari?"

"Mzee, nitoe!"

"Subiri. Atoke kwanza mwenye thamani."

Na kweli alitolewa nguruwe kwanza, maana mwenye nguruwe alikuwa pale juu analia kwa sauti. Mimi nilitolewa wakati nguruwe ameshapewa maji. Jioni Kandidus aliniambia maneno ambayo nimewaambia vijana wote niliowafundisha: "Shimo lililo wazi halichagui. Leo limechagua nguruwe. Nenda kashukuru."

Mfuniko wa Kandidus ulikuwa na kipimo kimoja. Akimaliza kupanga magogo, anapanda juu yake anaruka. Hata siku ya Jumapili akitoka misani na suruali yake nyeupe, akipita kwenye shimo letu, anaruka. Watu walidhani ana kichaa. Alikuwa anasema kama huwezi kuurukia mfuniko wako mwenyewe, usimwachie mtoto wa mwenzio aukanyage.

*

Nisiwape picha kwamba mimi nilikuwa bingwa. Mbamba Bay nilijifunza kwamba ardhi haina undugu.

Aliniita mama mmoja muuza usipa, akataka choo nyuma ya nyumba, si mbali na ziwa. Nikashuka milima na sururu yangu begani, najigamba kwenye basi kwamba mchanga ni uji, nitaunywa kabla ya chakula cha mchana. Udongo wetu wa milimani ni mwekundu, umeshikana, ukiukata unasimama wima kama ukuta. Mchanga wa kule ni mwongo. Unachota ndoo moja, zinarudi mbili. Nikachimba, mdomo ukapanuka. Nikachimba, ukapanuka zaidi. Kufika mchana nilikuwa nimesimama katikati ya bonde. Watoto wa Kinyasa wamekaa ukingoni wanakula usipa wa kukaanga, wananitazama kama mpira.

"Mmatengo anachimba ziwa lingine!"

Maji yakatokea chini. Yule mama akaja, mikono kiunoni.

"Baba, mimi niliomba choo. Kisima sikuomba."

"Mama, mchanga wenu una matatizo."

"Mchanga wetu ulikuwepo kabla yako. Toka humo, usije ukaibukia Malawi."

Akaniitia shangazi zake. Wakanifundisha kusuka mianzi na matete kama kihenge kikubwa kisicho na kitako, unakisimamisha, unachimba ndani yake, kinashuka chenyewe kidogo kidogo huku kikiushika mchanga. Na kwamba karibu na maji huendi chini, unainua choo juu kwa tuta la mawe. Nilikaa kule hadi nikajua. Niliporudi milimani nikasema nimekwenda kufundisha. Kandidus akanitazama miguu iliyojaa mchanga.

Ninyi vijana wa leo mna mapipa ya zege, mna masinki, mna mashine. Vizuri. Sina wivu. Ninao kidogo. Alipokuja mkandarasi kutoka mjini, Bwana Ladislausi, na lile katapila lenye kijiko, kuchimba shimo la choo cha umma kwenye kona ya uwanja wa gulio letu, nilikwenda na kigoda changu kutazama. Kile kijiko kilikula kabla ya chai udongo ambao mimi na Kandidus tungeula wiki nzima. Odilo alikuwa ameshika kidole changu.

"Babu, wewe ulikuwa unachimba hivyo?"

"Zaidi."

"Muongo. Nitamwambia mke wangu."

Shimo likawa refu, la kina, kingo zimenyooka. Kazi safi, nampa haki yake. Halafu Ladislausi akasema saruji inakuja. Akapakia kijiko chake, akaondoka, akaliacha shimo wazi kama mdomo wa mtu anayepiga miayo. Saruji haikuja. Simu yake tulipiga, mwanzo iliita, baadaye ikawa haipatikani, baadaye akaipokea mtu mwingine akasema yeye anauza nyanya.

Nikamwendea Gaudensi, mwenyekiti. "Mwenyekiti, lile shimo."

"Lipo kwenye mipango, mzee."

"Mipango haifuniki. Nipe magogo."

"Kijiji hakina magogo."

Basi nikachukua mbao zangu mwenyewe. Tulikuwa tumebomoa jiko la zamani, na mlango wake, mbao nene za mkaratusi zenye rangi ya bluu, ulikuwa umelala nyuma ya banda. Kijiji kizima kiliujua mlango ule, maana Kasto aliwahi kuuegemea akiwa amelewa ukaanguka naye hadi ndani ya sufuria ya ugali. Nikazigawa mbao, nikatafuta na nguzo, nikafunika shimo lote, nikaweka miba pembeni. Mgongo unaniuma, lakini nikapanda juu nikaruka. Odilo naye akaruka. Tukaruka wote wawili pale gulioni, na wauza mitumba wakatushangilia.

*

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe.

Wale mliohamia mjini mmesahau, niwakumbushe. Sisi Wamatengo tunalima kwenye mashimo. Ngoro. Mwanamume anafyeka nyasi anazilaza kwa miraba mlimani. Mwanamke anachota udongo wa katikati ya mraba anafunika zile nyasi. Pembeni panakuwa tuta, katikati panabaki shimo la kushika maji ya mvua. Mazao yako juu ya tuta. Mtoto wa Kimatengo, kabla hajajua Baba Yetu, anajua hili: pita juu ya tuta, usikanyage shimo. Nimemfundisha Odilo mwenyewe, nikitembea nyuma yake, nimemshika kola ya shati.

Msimu wa kahawa ukafika. Gaudensi alipata kahawa nyingi mwaka huo, vichanja vyake vya kuanikia havikutosha. Akahitaji mbao. Akakumbuka kwamba kuna mbao nzuri zimelala gulioni hazifanyi kazi yoyote. Hazifanyi kazi yoyote! Akatuma mkokoteni.

Shimo likawa wazi tena. Mimi nilikuwa nyumbani, mgongo umenilaza, sikujua. Kisha ikaja habari kwamba wageni wanatoka wilayani kutembelea kijiji. Gaudensi akaona aibu, shimo la choo la mkandarasi limeachama pale gulioni. Mtu mwenye akili angezirudisha mbao. Lakini juu ya mbao kulikuwa na kahawa, na kahawa ilikuwa haijakauka.

Akafanya jambo ambalo Mmatengo peke yake angeweza kulifikiria. Akalaza fito za matawi ya mibuni, yale yaliyokatwa wakati wa kupogolea. Juu yake nyasi, miraba miraba, kwa ufundi kabisa. Juu ya nyasi udongo mwepesi. Akajenga matuta ya ngoro juu ya shimo la choo! Akachomeka miche ya kabichi, akaimwagia maji asubuhi ile ile ili ichangamke. Wageni wakapita, wakaona kiangazi chote kile na pale pana kijani. Nimesimuliwa kwamba mmoja alisimama akampongeza: "Mwenyekiti, ninyi hata gulioni mnalima!" Akajibu, "Ni shamba darasa."

Wageni wakaenda zao. Shamba darasa likabaki.

Odilo alitoka shule na wenzake, wakakatisha uwanjani. Wale watoto ndio walionijia mbio nyumbani. Mmoja, binti mdogo, alinishika suruali akaniambia kitu ambacho alidhani kitamtetea mwenzake nisimchape: "Babu, hakukanyaga shimo. Alipita juu ya tuta, kama unavyotufundisha."

Mimi nilishuka. Kamba alishika Kasto. Hayo yanatosha.

*

Msiba wa mjukuu una adabu yake ya ajabu. Watu wakifika wanampa pole mama na baba. Ni haki yao, walimzaa. Babu na bibi tunapewa kazi ya kukaa na kuonekana tumeshazoea. "Wazee mmeona mengi." Nimeona mengi, ndiyo, lakini hili sikuwa nimeliona.

 Asubuhi moja Kolumba ananimiminia chai akaniambia, "Otmari, nani atanigombania sasa?"

"Mimi hapa."

"Wewe hujui kugombana. Wewe unachukua tu."

Nikajaribu. Naapa nilijaribu. Nikasimama mlangoni pa jiko, nikatanguliza tumbo, nikasema, "Mke wangu, huyu mzee amelala hapa tena?" Nikakosa mtu wa kumsema, maana huyo mzee ni mimi. Kolumba akanitazama, akaniambia niketi kabla sijaumwa na mgongo.

Aliyetuokoa ni yule Mngoni. Tanga lilipoanuliwa, watu wametawanyika, Kasto akaja kwetu amevaa koti la harusi yake, limembana, ameshika yule jogoo wa kaburini.

"Hodi. Nimekuja kurithi mjane."

"Mjane gani?" nikamuuliza.

"Wa marehemu Odilo. Mahari nimeshika. Otmari, sogea, wewe ulishindwa kesi kwa mwenyekiti, hukumu ilikukalisha chini."

Kolumba akatoka na mwiko. "Mume wangu hajamaliza hata mwezi kaburini, wewe mla panya unanitaka?"

"Nasubiri! Mimi Mngoni, babu zangu walisubiri nje ya mapango yenu mpaka mkatoka wenyewe kwa njaa!"

Alimkimbiza mpaka kwenye migomba. Nilimsikia akicheka huko, halafu nikasikia kicheko kinakatika, halafu Kasto akisema taratibu, "Lia, mtani, lia, jogoo nimeshamfunga." Alikuja hivyo karibu kila siku. Siku nyingine ameleta mchumba mshindani, siku nyingine amekuja kushtaki kwamba mjane anapika vibaya.

Nawaambia ninyi ambao siku moja mtakuwa mababu, ingawa sitaki mjue haya: ukifiwa na mjukuu, usimkimbie mtu anayemtaja. Wakimbie wale wanaokuja wakakaa wakaongelea mvua. Na utafute kazi ya mikono, hata kama mgongo umekataa. Mimi nilichonga mipini. Nimechonga mipini mpaka majirani wana mipini kuliko majembe. Na ukitaka kucheka, cheka. Hakuna anayecheka akamsahau mtu.

*

Gaudensi alikuja matangani. Alileta mfuko wa sukari, akakaa mbele na wazee, akasimama akatoa neno. Alisema Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Wakati ule sikujua nani aliyechukua mbao, wala nani aliyepanda kabichi. Niliitikia amina. Amina ile bado inaniwasha kooni.

Habari za mbao zilikuja kujulikana hivi. Mkewe Gaudensi aliwaita akina mama kumsaidia kuchambua kahawa, kutoa punje mbovu. Kolumba akaenda, kazi ya ujirani. Wakachambua, kahawa ikapungua juu ya kichanja, na chini ya kahawa ikaanza kutokea rangi ya bluu. Kolumba akapangusa na kiganja. Akapangusa tena. Mlango wetu wa jiko.

 Akaja nyumbani akasema, "Mlango wetu umelala kwa Gaudensi, umefunikwa kahawa."

Tukaenda, mimi, yeye na Kasto. Gaudensi alikuwa anageuza kahawa kwa reki. "Karibuni, karibuni wazee wangu."

"Gaudensi," nikasema, "hizi mbao zimefikaje hapa?"

Alitazama mbao kama amekutana nazo siku hiyo. "Niliazima. Zilikuwa hazitumiki."

"Zilikuwa zimefunika shimo."

"Na mimi nilifunika! Mzee Otmari, usinionee, sikuliacha wazi. Nilifunika vizuri sana."

Kolumba akamjibu, "Ulifunika macho ya wageni."

"Mama, nani angejua mtoto atapita pale?"

"Kila mtoto wa hapa anapita juu ya tuta, Gaudensi. Wewe ulizaliwa wapi?"

Gaudensi akageuza kahawa kidogo. Akatafuta mahali pa kuegemea, akapata neno lake la zamani. "Ni kazi ya Mungu, wazee."

Kasto, ambaye siku hiyo hakuwa na utani hata chembe, akauliza, "Na kabichi alichomeka Mungu?"

Mimi nikamwambia, na nawaambia ninyi: Mungu hana kichanja cha kahawa. Mungu hakutuma mkokoteni gulioni.

Mbao zangu nilizirudisha. Nimelifunika lile shimo upya, na kila gulio naenda kuangalia. Hilo limekwisha. Lisilokwisha ni jibu. Wazee wameniita, wakaniambia yaishe, mwenyekiti ni mtu wetu, tusikichafue kijiji. Padre ameniambia nisamehe. Nitasamehe, lakini nisamehe nini, wakati hakuna aliyesimama mbele ya watu akasema amefanya? Katika kila mkutano wa kijiji Gaudensi anafika kwenye mengineyo, anauliza kama kuna mwenye neno. Nikinyoosha mkono anafumba macho, anaanza sala ya kufunga. Hakuna mwenyekiti mcha Mungu kama huyu katika mkoa mzima! Safari iliyopita nilinyoosha mkono katikati ya sala, akarudia sala tangu mwanzo.

Basi namuuliza hapa, ambapo hawezi kufumba macho.

Bwana Ladislausi, popote ulipo na simu yako inayouza nyanya: ulichimba, ukaondoka. Njoo useme kwa nini hukufunika.

Na wewe Gaudensi, mwenyekiti wetu, jirani yangu. Sitaki sukari. Sitaki Bwana alitoa. Mkutano ujao nitakaa mbele, na Kolumba atakaa kando yangu. Usianze na sala. Simama kwa miguu yako, mtazame bibi yake usoni, uwaambie watu kwa mdomo wako mwenyewe: nani aliyejenga tuta juu ya shimo la gulio?